Mionzi haizibi mishipa siku hiyo hiyo

Mwandishi, asante kwa habari yako ya tiba ya mionzi ya kichwa, ila hapo uliposema mgonjwa wa mishipa ya damu iliyojisokota kichwani anapigwa mionzi asubuhi, ikifika jioni kapona, umeruka hatua kubwa. Miale ya gama inayoelekezwa kichwani ni karibu 200, kila mmoja dhaifu ukiwa peke yake, na inakutana kwenye fundo la mishipa tu. Hapo kuta za mishipa hunenepa polepole kwa ndani hadi njia ya damu inaziba. Kazi hiyo huchukua miaka 2 hadi 3, na muda wote huo damu bado inaweza kuvuja. Fundo likizidi sentimita 3, matokeo hupungua.

Shemeji yangu wa Kongwa alitibiwa hivyo India. Alirudi na vialama viwili juu ya nyusi, pale fremu ya chuma ilipokazwa kwa skrubu kichwa kisitikisike. Nywele zote zipo. Ila bado alikuwa anameza dawa za kifafa, maana fundo hilo huweza kuleta kifafa. Basi kila aliyekutana naye pale soko la Majengo, "mbona mzima wewe, madawa ya kifafa ya nini?" Akaacha. Akaja kuanguka kifafa stendi, mbele za watu, ndipo akarudia vidonge vyake. (Washauri wake hawakuonekana siku hiyo.)

Sasa mngetuandikia na upande huu: mtu wa Mpwapwa au Kondoa akisharudi nyumbani, kipimo cha MRI (picha ya ndani ya kichwa) cha kufuatilia kama fundo limeziba atakipata wapi, na bima italipa?