Huruma Isiyo na Ndoano

Mwaka 1893 wamisionari kutoka mji wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame, kwetu Kilimanjaro, na kuanza kazi Nkwarungo, na sisi tuliolelewa katika sharika za Kilutheri za mlimani tulilisikia jina la Leipzig tangu utotoni, hata tukadhani kwamba kule kila mtu husali. Nimeishi Leipzig miaka tisa sasa. Wakazi wengi wa mji huu si washirika wa kanisa lolote, na baadhi yao hawakuliacha kanisa wao wenyewe: walioliacha ni babu na bibi zao, enzi za utawala wa kikomunisti wa Ujerumani Mashariki.

Kazi yangu ni kuwauguza wazee majumbani mwao. Kila huduma imepangiwa dakika zake: sindano ya insulini, vidonge, kisha soksi za kubana kwa wenye miguu inayovimba. Soksi hizo ni ngumu kama ngozi ya ngoma. Hupandishwa taratibu kuanzia kisiginoni, na ukiacha mkunjo mmoja utamkata mgonjwa nyama hadi jioni. Hakuna namna ya kumvalisha mtu soksi hizo ukiwa umesimama. Sharti upige magoti.

Mwaka wangu wa kwanza niliacha kijikaratasi cha mahubiri chini ya kikombe cha mzee mmoja, nikiamini kwamba nimetimiza wajibu. Kesho yake alinirudishia akiwa amekikunja mara nne, akaniuliza kwa upole kama zile soksi nilikuwa nikimvalisha kwa ajili ya mguu wake au zilikuwa chambo. Sikuwa na jibu, na kwa muda wa miezi kadhaa hatukuzungumza zaidi ya salamu.

Nyumbani swali hilo lisingeulizwa, kwa sababu kule huruma na kanisa vimesukwa pamoja. Ukifiwa, kabla hujajua la kufanya, akina mama wa mtaa wamekwisha kufika na kuni, masufuria na mikungu ya ndizi, na jumuiya imekwisha kupanga nani atalala kwako. Huku nilipata habari za kifo cha jirani wa ghorofa ya juu majuma mawili baadaye, nilipoona samani zake zikishushwa. Kwa hilo sitaki kuidanganya nafsi yangu: Machame wanatushinda mbali.

Hata hivyo, upendo wetu wa nyumbani una daftari. Palikuwa na jirani yetu aliyetengwa na usharika kwa kuoa mke wa pili. Alipopooza upande mmoja, jumuiya yetu ilipita mbele ya lango lake wiki baada ya wiki ikielekea kusali nyumba ya pili, nami nilikuwa miongoni mwa waliopita. Tulisema kwamba tutamtembelea atakaporudi kundini. Tulikuwa na Biblia kwapani, na wala hatukuona kichekesho kilichokuwamo.

Yule mzee wa kijikaratasi ndiye aliyenifanya nilikumbuke lango lile. Siku moja alinisimulia kwamba tarehe 9 Oktoba 1989 alikuwa katika umati wa watu wapatao 70,000 walioandamana mjini baada ya maombi ya amani katika kanisa la Nikolai. Hakuwa mwamini siku ile na si mwamini leo. Anachokumbuka ni kibao kilichosema kwamba kanisa liko wazi kwa wote, na kwamba hakuna aliyemwuliza kama amebatizwa.

Wapo wenzangu katika ibada yetu ya Kiswahili wanaoniona kuwa nimepoa. Hunikumbusha kwamba Paulo aliandika kuwa imani, chanzo chake ni kusikia. Silikatai neno hilo, lakini kusikia kuna wakati wake, na mtu aliyekwisha kuinusa ndoano hasikii tena hata ukipaza sauti. Mwaka wa tatu mzee mwenyewe aliniuliza ni wimbo gani ninaouimba chini chini ninapomvalisha. Nilimweleza kwa sentensi mbili, nikamalizia mguu wa kushoto. Hajabatizwa, wala simsubirishi huduma mpaka abatizwe. Iwapo hilo ni kupoa, basi nimepoa.

Mwezi uliopita nilimpigia shangazi simu nikamwomba apite kwa yule jirani yetu, ambaye bado yuko hai na bado hajarudi kundini. Aliniuliza akifika aseme nini. Nilimwambia asijisumbue kutafuta maneno, abebe mtori. Alikwenda Jumamosi, akamlisha kwa kijiko kwa kuwa mkono wa kulia haufanyi kazi, wakazungumza juu ya bei ya kahawa mpaka jua likazama.