Kicheko cha saluni
Jana nimekaa saluni hapa Chikongola, Mtwara, masaa manne, nywele nusu zimesukwa nusu zimetimka, runinga inaonyesha kipindi cha kutafuta wachumba. Kaka anajifanya tajiri. Mabinti hawajui, sisi tunajua. Binti mmoja alipolia, saluni nzima ikaangua kicheko. Kilinikera kweli.

Mchezo wenyewe wa zamani. Mwaka 2003 huko Marekani, kipindi cha Joe Millionaire kiliwaambia wanawake kwamba Evan Marriott karithi dola milioni 50, kumbe fundi wa ujenzi. Wakadanganywa wao, wakachekwa wao, wakaitwa wenye tamaa wao! Waliotunga uongo na kuuzia matangazo, hawakusemwa kama wao.

Eti walisaini mkataba. Walisaini kupigwa picha, jamani. Utaridhiaje usichokijua?

Na aliyecheka kuliko wote ni msusi wangu. Huyu huyu msimu wa korosho uliopita alimlaani mwezi mzima bwana aliyemjia na gari la kuazima, akidai ana ekari 40 za mikorosho Newala. Nikamkumbusha. Akanivuta nywele, akaongeza sauti ya runinga.