Programu Ipo, Lakini Faili Zake Ziko Wapi?

Inaudhi sana kwamba mtu anayeunda kisasishi cha programu ya Windows hawezi kuuliza swali jepesi, yaani faili zilizosakinishwa ziko wapi, akapata jibu moja la kuaminika. Kwenye mfumo wa biti 64 huenda zimo ndani ya Program Files, au Program Files (x86), au, ikiwa mtumiaji alijisakinishia peke yake bila idhini ya msimamizi, ndani ya AppData, folda ya data ya mtumiaji huyo. Sajili ya mfumo (registry), yaani hifadhidata ya mipangilio ya Windows, ina thamani iliyowekwa mahsusi kwa jibu hilo, InstallLocation, lakini watengenezaji wengi huiacha tupu! Mbaya zaidi, kisasishi cha biti 32 kinapoitafuta huelekezwa kimyakimya kwenye tawi la WOW6432Node, sehemu ya sajili iliyotengewa programu za biti 32, kisha kikatangaza kwamba programu ya biti 64 haipo, ilhali mtumiaji mwenyewe anaitumia wakati huohuo.