Wimbo wa Jukwaani Mbele ya Kamera

Kila mara tamthilia ya muziki iliyopendwa jukwaani inapogeuzwa kuwa filamu, lawama huwa ni zilezile: wimbo fulani umeondolewa, mwingine umehamishwa, mhusika fulani amepunguziwa nafasi. Waliouona mchezo ukumbini huketi mbele ya skrini kama wakaguzi wa hesabu, wakitafuta kilichopungua. Mimi naona kipimo hicho kinapotosha. Filamu nyingi za aina hii zilizoharibika hazikuharibiwa na mkasi, bali ziliharibika kwa sababu waongozaji wake hawakujiuliza kwa nini mtu aliyekuwa akizungumza kama sisi sote, akiwa hatua moja tu kutoka kwenye kamera, aanze ghafla kuimba.

Ukumbini swali hilo halisumbui. Mtazamaji ameshakubali kwamba nyumba ni ubao uliopakwa rangi na mwezi ni taa, kwa hiyo kukubali kwamba hasira au mapenzi yanaweza kugeuka wimbo si jambo la kumtoa jasho. Tena mwigizaji wa jukwaani humwimbia mtu aliyeketi safu ya nyuma kabisa, hivyo mikono hupanuka na kila hisia hukuzwa ili imfikie. Kamera ikiusogelea uso huohuo, kile kilichokuwa nguvu huonekana kuwa kelele.

Kisha lipo suala la makofi, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Nyimbo za jukwaani hutungwa zikiwa na kishindo cha mwisho kinachoyaalika makofi, na makofi hayo humpa mwigizaji nafasi ya kuvuta pumzi na hadhira nafasi ya kurejea kwenye hadithi. Katika filamu, baada ya kishindo hufuata kimya. Mhariri stadi hulijua hilo, naye huingiza tukio linalofuata kabla noti ya mwisho haijafifia, au huacha sauti ya mvua au ya mlango izibe pengo. Asiye stadi humwacha mwigizaji ameinua mikono juu, akingoja makofi ambayo hayaji.

Mfano ninaoupenda kuliko yote wa mwongozaji aliyelitafakari jambo hili ni Cabaret. Mchezo wenyewe ulianza Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za tamthilia huko New York, mwaka 1966, na humo wahusika huimba katika klabu ya usiku ya Berlin na vilevile vyumbani mwao. Bob Fosse alipoutengenezea filamu ya mwaka 1972, aliziondoa karibu nyimbo zote zilizoimbwa nje ya klabu na kuyasukuma kando mapenzi ya mama mpangishaji na mzee Myahudi, ambayo jukwaani yalikuwa na uzito mkubwa. Kwa mkaguzi wetu wa hesabu hiyo ni hasara tupu. Lakini nyimbo zilizobaki zinaimbwa mahali ambapo kuimba ni kazi ya watu, na hakuna anayeuliza kwa nini wanaimba.

Wimbo mmoja tu umeachwa nje ya klabu, na hapo ndipo ustadi wa Fosse unapoonekana. Tuko kwenye bustani ya bia, mchana wenye jua, na kijana anaimba kwa sauti tamu wimbo unaosifu uzuri wa maumbile. Kamera inaanza usoni pake, kisha inashuka taratibu hadi mkononi, na hapo tunaona kitambaa chenye alama ya Wanazi. Wateja wanasimama mmoja baada ya mwingine kuimba pamoja naye, nyuso zikizidi kukakamaa, huku mzee mmoja akibaki ameketi, dhahiri amekerwa. Jukwaani mkono ule usingefichika, kwa kuwa mtazamaji humwona mwigizaji mzima tangu anapoingia. Fosse ametumia jambo ambalo kamera pekee inaliweza, yaani kuamua ni lini tuone nini. Filamu hiyo ilipata tuzo 8 za Oscar, ikiwemo ya uongozaji.

Rob Marshall alipita njia ya jirani mwaka 2002 alipoigeuza Chicago kuwa filamu: nyimbo nyingi zinatokea kichwani mwa Roxie, mwanamke anayeota kuwa nyota hata akiwa gerezani. Mbinu hiyo ilifaulu, na filamu ikachukua Oscar ya filamu bora. Hata hivyo, wapo wanaosema kwamba kila wimbo ukifanywa ndoto ni kama kuuomba radhi umma kwa kuwa filamu ina muziki, nami siwezi kuwapinga moja kwa moja. Mbinu ile ilimfaa Roxie kwa sababu ndoto ndizo tabia yake. Kumpachika mhusika mwingine yeyote mbinu hiyo ni kuazima jibu la swali la mtu mwingine.

Kuna hadithi ambazo hazihitaji kisingizio cha namna hiyo hata kidogo. Sarafina!, mchezo wa Mbongeni Ngema uliofanywa filamu mwaka 1992, unahusu wanafunzi wa Soweto wakati wa ubaguzi wa rangi, na katika mapambano yale watu waliimba kwelikweli, katika maandamano na katika mazishi. Wimbo umo ndani ya tukio lenyewe. Leleti Khumalo, aliyekuwa Sarafina jukwaani, alibaki kuwa Sarafina katika filamu, na inaonekana wazi kwamba alikuwa amejifunza kupunguza: macho yake yanafanya kazi ambayo ukumbini ingefanywa na mwili mzima.

Si kila mwigizaji aliyeing'arisha nafasi jukwaani hupewa bahati hiyo. Julie Andrews alikuwa Eliza, mhusika mkuu, katika My Fair Lady ya jukwaani mwaka 1956, lakini katika filamu ya mwaka 1964 nafasi hiyo alipewa Audrey Hepburn, na sehemu kubwa ya nyimbo ikaimbwa na Marni Nixon, mwanamke ambaye pia sauti yake ndiyo inayosikika mdomoni mwa Natalie Wood katika West Side Story ya mwaka 1961. Studio zilitaka uso mmoja na koo jingine. Sipendi utaratibu ule, hasa kwa kuwa jina la mwimbaji halikuandikwa kwenye filamu.

Mwaka 2012 Tom Hooper alikwenda upande wa pili kabisa. Katika Les Misérables, badala ya kurekodi nyimbo studio kwanza na kuwafanya waigizaji wafuatishe kwa midomo, aliwaimbisha palepale mbele ya kamera, wakisikia piano kupitia kifaa kidogo cha sikioni, na okestra ikaongezwa baadaye. Anne Hathaway, nywele zimenyolewa, anaimba wimbo wake mkuu bila picha kukatwa, akikwama kwa kilio na kuharakisha mistari anapotaka kuharakisha. Hapo kamera ya karibu ilistahili. Tatizo ni kwamba Hooper aliutumia ukaribu huohuo karibu kila mahali, hata kwenye nyimbo zilizotungwa zisikike kama ngurumo, na baada ya saa mbili unatamani mtu arudi nyuma hatua kumi. Kuhusu Cats aliyoitoa mwaka 2019, ambamo waigizaji ni paka, sina mengi: manyoya ya kompyuta juu ya nyuso za watu yalitaka kufanya uhalisia wa jambo ambalo jukwaani lilipendeza kwa kuwa halikudai kuwa halisi.

Ndiyo maana naiheshimu Hamilton iliyotolewa mwaka 2020, ambayo ni mchezo wenyewe uliorekodiwa ukumbini mwaka 2016, makofi yakiwemo. Haijidai kuwa filamu ya hadithi. Mwenye kutaka kila wimbo mahali pake apewe rekodi ya namna hiyo, na mwongozaji wa filamu aachwe huru.

Wicked ndiyo inayonirudisha kwenye suala la kukata. Mchezo huo una mapumziko katikati, yanayotanguliwa na wimbo ambao Elphaba, mhusika mkuu, anapaa juu ya jukwaa, na Jon M. Chu ameyafanya mapumziko hayo kuwa ya mwaka mzima: sehemu ya kwanza ilitoka Novemba 2024, ya pili Novemba 2025. Sehemu ya kwanza peke yake ina dakika 160, karibu sawa na muda wa mchezo mzima ukumbini. Ilibeba urefu wake kwa sababu kilele kilikuwa kinaingojea mwishoni. Sehemu ya pili haikuwa na kilele kama hicho. Ilikuwa nusu ya hadithi ambayo ukumbini huishi kwa joto la nusu ya kwanza, na sasa joto hilo lilikuwa limepoa kwa miezi 12. Iliongezewa nyimbo mbili mpya. Mimi ningeitafutia mbili za kuondoa.