Si gamma inayowasha gesi

Picha za pete za mlipuko wa miale ya gamma uitwao GRB 221009A, ule wa tarehe 9 Oktoba 2022, bado zinasambazwa zikiwa na maelezo kwamba ni gesi iliyowashwa na miale ya gamma. Kila nikiyasoma naudhika. Pete zile ni eksirei iliyotawanywa na vumbi la galaksi yetu hii hii, tabaka kwa tabaka. Mlipuko wenyewe ulitokea galaksi nyingine, karibu miaka bilioni 2 iliyopita.

Linaloniudhi zaidi ni imani iliyo nyuma ya maelezo hayo: kwamba fotoni, yaani chembe ya mwanga, ikiwa na nishati kubwa zaidi, inang'oa elektroni kwenye atomi kwa urahisi zaidi. Ni kinyume. Kung'oa elektroni ya haidrojeni kunahitaji elektronivolti (kipimo cha nishati) 13.6, na fotoni inayonaswa vizuri kuliko zote ni ile iliyovuka kiwango hicho kidogo tu. Zidisha nishati mara 10, uwezekano wa kunaswa unashuka karibu mara 1,000. Fotoni ya gamma ya elektronivolti laki moja hupita katika wingu kama upepo kwenye wavu; nafasi yake ya kugonga elektroni ni ndogo takriban mara milioni 10 kuliko ya ile iliyovuka kiwango kidogo tu. Vinavyoayonisha wingu, yaani kuzing'oa elektroni zake, ni urujuanimno na eksirei laini, hasa za mng'ao unaofuata mlipuko.

Haya, gamma nayo ina kazi yake: mlipuko huo huo wa 2022 ulivuruga ayonosfia ya dunia, tabaka la juu la hewa lenye chaji. Lakini angahewa letu ni zito, gamma haipiti. Wingu lenye atomi chache kwa kila sentimita ya ujazo ni habari nyingine kabisa.

Anayetaka kuona gesi ikiitikia aangalie GRB 060418, wa Aprili 2006. Darubini ya VLT kule Paranal, Chile, iliugeukia dakika kama 10 tu baada ya mlipuko, ikapiga spektra (mwanga uliotandazwa kwa rangi zake) 5 mfululizo. Mistari ya giza ambayo chuma na nikeli ya wingu huacha kwenye mwanga huo ilikuwa inabadilika kutoka spektra moja hadi nyingine. Elektroni za chuma zilimeza urujuanimno, zikaruka juu, na ziliposhuka baadhi zikakwama kwenye ngazi za kati za nishati. Ya chini kati ya ngazi hizo huachia elektroni kwa wastani wa dakika 8 hivi; nyingine hukawia zaidi. Ukijua ni ngapi zimekwama na mng'ao ulikuwa mkali kiasi gani kila dakika, unapata umbali: kiloparseki 1.7, yaani zaidi ya miaka ya nuru 5,500 kutoka kwenye mlipuko. Dakika chache za mwanga zimepima wingu lililoko mbali kiasi hicho!

Na hapa ndipo kipimo kinapoharibiwa. Ukiunganisha spektra zote ili kupunguza kelele, umeyafuta mabadiliko uliyoyafuata. Anza na mfiduo (muda wa kukusanya mwanga) mfupi, halafu kila unaofuata uwe takriban mara mbili ya uliotangulia, kwa sababu mng'ao unafifia. Magnesi isiyo na chaji usiipuuze: inapoteza elektroni kwa elektronivolti 7.6 tu, kwa hiyo ukiikuta bado ipo, wingu hilo haliko jirani na mlipuko.

Tafadhali pia, usilete hesabu za nebula, yaani mawingu ya gesi, za kawaida, zile zinazochukulia kwamba elektroni zinazong'oka zinalingana na zinazorudi. Mng'ao hufifia kwa dakika na saa, ilhali katika gesi yenye atomi moja kwa sentimita ya ujazo, kurudi kwa elektroni huchukua miaka kama laki moja. Katika kurudi huko ndipo haidrojeni inapotoa wekundu wake wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, kwa unyonge na kwa muda mrefu, mlipuko ukiwa umezimika zamani. Mabaki ya namna hiyo yanatafutwa kwenye galaksi za jirani kwa mstari wa oksijeni wa nanomita 500.7 na wa heli wa 468.6, yote miwili ikiwa mikali kupita ilivyo kawaida kwenye mawingu yanayoangazwa na nyota.