Meza Sokoni au Duka Lako: Fulana za Kiswahili Zichapwe Wapi?

Kila wiki swali hili linarudi kwenye makundi ya WhatsApp ya madizaina: "Jamani, nina michoro yangu, nataka kuuza fulana mtandaoni, nitumie jukwaa gani?" Majibu hayachelewi. Huyu anasema Redbubble, yule Printify, wa tatu anashikilia kwamba Amazon ndiyo yenye wateja, na aliyeuliza anaondoka na majina matano na kizunguzungu. Mimi mwenyewe nimelijibu swali hilo kwa jina moja kwa muda mrefu, na sasa naona nilikuwa nawapoteza watu. Majina hayo hayafanyi kazi moja. Kuyashindanisha ni kama kushindanisha meza ya Kariakoo na cherehani.

Biashara yenyewe inaeleweka upesi. Fulana haichapwi mpaka mtu ameshailipia. Wewe unapakia faili la mchoro, mteja anaagiza, mashine iliyo mbali nawe inachapa moja ile ile, inafungwa na kutumwa. Huna mzigo ndani, huna stoo, hubaki na saizi ndogo mia zisizonunuliwa. Walioanza kazi hii walifungua masoko: CafePress huko Marekani mwaka 1999, Spreadshirt mjini Leipzig mwaka 2002, Zazzle mwaka 2005, Redbubble mjini Melbourne mwaka 2006. Soko lina wateja wake na kisanduku chake cha kutafutia, wewe unapewa meza. Baadaye wakaja mafundi: Printful mwaka 2013 na Printify mwaka 2015, zote za Latvia, pamoja na Gelato ya Norway. Hawa hawakuletei mteja. Wanakaa nyuma ya duka lako, oda ikiingia wanachapa na kutuma. Printful inaendesha viwanda vyake yenyewe. Printify ni kama dalali: inakuonyesha wachapaji wengi, kila mmoja na bei yake, na uchaguzi ni wako.

Nianze na upande wa soko, kwa sababu wanaolibeza mara nyingi hawajawahi kuhesabu linachowaokolea. Hulipi kodi ya pango. Huhitaji kadi yenye salio. Mteja wa Berlin akipokea fulana iliyombana, akidai kurudishiwa hela hakusumbui wewe. Na kodi za mauzo, ambazo kwa mtu anayeuza akiwa Tanga au Mombasa ni msitu mnene, soko linazibeba. Tangu Julai 1, 2021 Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa VAT kwa vifurushi vya chini ya euro 22, hivyo hata kikombe kimoja kinadaiwa kodi kikiingia kutoka nje. Dizaina wa peke yake, mwenye laptop na bando, hana haja ya kujifunza hayo mwezi wake wa kwanza.

Tena kuna michoro ambayo soko ndiyo nyumba yake. Jahazi lenye tanga moja, mlango wa Mji Mkongwe na misumari yake ya shaba, mbuyu usio na majani: picha hizi hazina lugha. Mtu wa Toronto anayetafuta picha ya mbuyu ya kutundika ukutani hahitaji kukujua wala kujua unakotoka. Anaandika neno kwa Kiingereza, mchoro wako unatokea, ananunua. Kwa nakshi za kitambaa ipo Spoonflower ya Durham, North Carolina, inayochapa vitambaa kwa yadi na kumpa mchoraji kamisheni inayoanzia asilimia 10. Mwenye mkono mzuri wa kuchora pindo na mji wa kanga, hata bila jina, anaweza kupata wateja pale ambao hawajawahi kuigusa kanga.

Ila hesabu ya soko ni nyembamba. Tuseme bei ya msingi ya fulana ni dola 20. Redbubble imezoea kupendekeza nyongeza ya asilimia 20 juu yake, kwa hiyo mnunuzi analipa 24 na wewe unabaki na 4. Mwaka 2023 kampuni hiyo iligawa wauzaji kwa madaraja, na wale wa daraja la kawaida, ambako ndiko wengi wanaanzia, wakaanza kukatwa ada ya akaunti kutoka kwenye hizo hizo 4. Amazon nayo haikupokei tu ukajisajili: unaomba, unasubiri, ukikubaliwa unaanza na nafasi chache za michoro. Kinachokupa ni mrabaha, na mrabaha unaotokana na mauzo ya Marekani una kodi ya zuio ya asilimia 30 kwa mtu ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Tanzania haina. Kenya haina. Fomu ya W-8BEN, ile ya kodi ya Marekani kwa asiye Mmarekani, utaijaza, na asilimia 30 itakatwa vile vile.

Hata hayo si kikwazo kikubwa kwangu. Kikubwa ni lugha. Soko linakuletea watu wageni kwa njia ya maneno wanayoyatafuta, na mgeni hatafuti kwa Kiswahili. Nani Ohio anaandika "japo sipati tamaa sikati" kwenye kisanduku cha kutafutia? Anayelijua jina hilo la kanga ni mtu wetu, na mtu wetu haendi Redbubble kutafuta kanga ya mama yake. Anaona picha kwenye kundi la familia, anauliza, "Hii umeitoa wapi?" Faida ile moja inayohalalisha makato yote ya soko, yaani kukuletea usiowajua, inakauka pale pale mchoro wako unapokuwa na neno la Kiswahili.

Maneno ya Kiswahili ambayo wageni wanayatafuta kwa wingi ni mawili, "hakuna matata", na hayo nayo yana mwenyewe. Disney iliomba kuyasajili Marekani kama alama ya biashara kwa ajili ya mavazi mwaka 1994, mwaka ilipotoa filamu yake ya The Lion King, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Mwaka 2018 mwanaharakati wa Zimbabwe, Shelton Mpala, alianzisha ombi la kuupinga, na zaidi ya watu 100,000 wakatia saini. Usajili haumzuii mtu kuyasema, na alama ya biashara ina mipaka ya nchi na aina ya bidhaa. Lakini soko la mtandaoni halikai kuchambua mipaka hiyo. Likipata malalamiko, au programu yake ikinusa neno, mchoro unaondolewa, na ukirudia, akaunti inafungwa pamoja na kila kilichomo. Inaniuma kuandika hivi: msemo ambao bibi zetu waliusema bila kumwomba mtu ruhusa, usiuweke kwenye fulana ya kuuza Marekani.

Sasa duka lako mwenyewe na fundi nyuma yake. Tuseme fundi anakutoza dola 13 kwa fulana na uchapaji, na 5 kwa kuifikisha. Unauza 28, usafiri ndani. Zinabaki 10, kampuni ya malipo inachukua dola moja na ushee, mkononi una 8 na nusu hivi. Ni zaidi ya mara mbili ya ile ya soko. Pia una anwani ya mteja, unajua kanunua saizi gani, na Idi ikikaribia unaweza kumwandikia. Na kwa kuwa fulana imechapwa huko huko aliko mnunuzi, haivuki mpaka. Jambo hilo lina uzito wa pekee tangu Agosti 29, 2025, Marekani ilipoondoa kwa nchi zote msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800. Kuchapa Dar na kutuma posta kwenda Houston, njia ambayo wengine waliitegemea, kumekuwa kazi ya hasara.

Upande huu una maumivu yake, na mengi yako kwenye pesa kabla ya kufika kwenye wino. Fundi anakata kadi yako siku oda inapoingia. Pesa ya mteja inakufikia baada ya siku kadhaa. Oda 15 za wiki ya Idi ni dola 270 ambazo lazima ziwe kwenye kadi kabla hujaona senti, kwa hiyo ule msemo kwamba biashara hii haina mtaji ni kweli kwa soko na si kweli kwa duka. Kupokea ndiyo ngumu zaidi. Mfumo wa malipo wa Shopify yenyewe, jukwaa la kufungulia duka la mtandaoni, haufanyi kazi Tanzania wala Kenya; ukitumia kampuni nyingine Shopify inaongeza ada yake, asilimia 2 kwa mpango wa Basic. PayPal kwa Mkenya ina njia ya kutoa pesa kwenda M-Pesa tangu 2018, na kwa kulipa mafundi kuna kadi ya Visa ya M-Pesa tangu 2022. Mtanzania kwa miaka mingi amekuwa na PayPal ya kulipia tu, isiyopokea. Ndiyo maana wengi ninaowashauri upande wetu wanaishia WooCommerce, programu ya duka inayokaa juu ya tovuti ya WordPress na kuunganika na Printful na Printify, na malipo yanapitia kampuni ya Pesapal. Kuipanga kunachukua wiki nzima ya usiku. Baada ya hapo hakuna wa kukukata asilimia kwa sababu tu ya nchi uliyozaliwa.

Kisha kuna ubora, ambao hauonekani kwenye picha nzuri za jukwaa. Fulana yangu ya kwanza niliiagiza kwa mchapaji niliyemchagua kwa sababu moja, alikuwa rahisi kuliko wenzake. Nyeusi, pamba, na jina la kanga kifuani kwa herufi kubwa nyeupe. Nilipofungua mfuko ilinuka kama siki, na kuzunguka maandishi palikuwa na umbo la mraba, kitambaa kimekakamaa kidogo, kama mtu aliyemwagiwa uji ukakaukia. Nilidhani imeharibika. Kumbe ndivyo inavyokuwa: mashine inayochapa wino moja kwa moja kwenye pamba nyeusi hunyunyizia dawa kwanza, halafu huweka tabaka la wino mweupe, ndipo rangi zinakaa juu. Harufu na mraba huondoka kwa kufua. Lakini dawa ikipungua au joto likikosea, weupe haushiki. Kwangu mfuo wa tatu herufi za SIKATI zilianza kupasuka, na mfuo wa sita ilisomeka SIKA. Fulana ile ile, kwa faili lile lile, niliyoichapisha kwa mchapaji mwingine aliyekuwa ghali kwa dola mbili na nusu, bado naivaa.

Hapo ndipo udalali wa Printify unapokuwa baraka na mtego pamoja: unaweza kuhama mchapaji bila kuhama duka, lakini bei ya chini kabisa ndiyo inayokuvuta macho. Printful ni ghali kidogo na haibadiliki sana kutoka oda hadi oda. Novemba 2024 kampuni hizo mbili zilitangaza kuungana, kama vile Redbubble ilivyoinunua TeePublic, soko jingine la fulana, mwaka 2018 na sasa zote ziko chini ya kampuni mama, Articore. Majina ni mengi kuliko milango. Kwa sababu hiyo mafaili yako ya asili, PNG yenye mgongo wazi, yaani isiyo na rangi nyuma ya mchoro, piseli 4500 kwa 5400, yakae kwako kwenye diski, yasiishi ndani ya jukwaa lolote.

Kwa mnunuzi aliye Dar, Nairobi au Kampala, nasema wazi: achana na haya yote. Nauli na ushuru vitaizidi bei ya fulana. Fundi wa skrini wa Kariakoo au mwenye mashine ya DTF, inayochapa kwenye filamu kisha ikagandishwa kwa joto kwenye kitambaa, anakupa fulana 20 ndani ya siku mbili, unaigusa kabla ya kulipa, na kwa sare za harusi hakuna jukwaa la kumfikia. Muscat nako usikimbilie. Kuna wanunuzi wengi wenye Kiswahili chao cha Unguja, lakini uliza kwanza oda ya huko inachapwa nchi gani, maana fulana iliyotoka Ulaya inawafikia imechelewa na imepanda bei.

Anayebaki ni ndugu wa Minneapolis, wa Houston, wa London, na kwa huyo naegemea duka. Mchoro wenye neno la Kiswahili nauweka dukani kwangu, hata kama ni oda nne kwa mwezi, kwa sababu mteja wake nitamleta mwenyewe kupitia watu ninaowajua. Mchoro usio na neno naupeleka sokoni ukajitafutie, na dola 4 zake nazipokea bila kinyongo. Asiye na watu wa kuwaambia nje ya nchi, na hana salio la kutangulizia oda, aanzie sokoni kwa miezi sita bila kuona aibu, aone kipi kinanunuliwa.

Na kabla ya kutangaza chochote, sampuli moja iagizwe kwa anwani ya ndugu aliye huko huko. Aivae, aifue mara tatu kwa maji ya moto na mashine yake, kisha akupigie picha ya herufi kwa karibu, juani.