Simu ikikujibu moja kwa moja, jibu limetoka wapi?

Juzijuzi mama yangu mdogo alikuwa anarudi Iringa, tiketi tulishamkatia kwa simu, sasa usiku kabla ya safari akabonyeza kale kamaiki akauliza kwa mdomo kabisa, mabasi ya Iringa yanaondokea wapi Dar. Simu ikamjibu hapo hapo, sentensi mbili, stendi ya Ubungo. Hamna linki ya kufungua, hamna kusoma, akaridhika akalala. Asubuhi bodaboda toka Tabata mpaka Ubungo, kafika saa 11 na nusu, ndo anaambiwa mama stendi ya mikoani ilihamia Mbezi Luis tangu 2021. Basi la saa 12. Kufika Mbezi limeshaondoka na nauli ndo imeenda hivyo.

Tangu siku ile hizi injini za kutafutia zinazojibu maswali zimenikaa kichwani, maana kiukweli siwezi kusema ni kitu kibaya.

Tukumbuke tulikotoka. Kuuliza kwa sentensi sio kitu cha jana, Ask Jeeves ya Marekani ilijaribu tangu miaka ya 90, ila sisi wengi tulizoea ile ya kuandika maneno matatu manne alafu unaletewa linki kumi unachambua mwenyewe. 2012 Google wakaanza kuweka majibu yenyewe juu ya linki, mji mkuu wa nchi flani, umri wa mtu flani. Alafu mwisho wa 2022 ikaingia ChatGPT, programu ya akili bandia (AI) unayoongea nayo kwa kuandika, watu wakaonja kuuliza na kujibiwa kama wanaongea na mtu, na tangu hapo kila injini inakimbilia huko huko.

Na kwa mtu wa Dar faida ipo, tena kubwa. Mtu ana bando la jero, kila tovuti anayoifungua ina matangazo ya video yanakula MB kabla hajaona alichofuata, we unamwambia afungue linki kumi? Simu ina kioo kimepasuka, yuko kwenye daladala kasimama mkono mmoja juu, anataka kujua kitu kimoja tu. Kuna bibi zetu kusoma kwa shida lakini kuongea wanaongea vizuri kuliko sisi wote, kwa mara ya kwanza wanaweza kuuliza wenyewe bila kumsubiri mjukuu atoke shule. Wanaosema turudi kwenye linki tu nadhani hawajawafikiria hawa watu. Na linki zenyewe zilikuwa na takataka nyingi pia, tusijidanganye.

Ila mi shida yangu iko hapa. Swali la mama mdogo halina jibu moja. Stendi ni Mbezi lakini kuna makampuni yanapakia abiria kwenye ofisi zao kule Shekilango, kwa hiyo jibu la kweli ni swali, umekata basi gani? Ungemuuliza kijana yeyote wa pale Ubungo ndo kitu cha kwanza angekuuliza. Nenda duka la dawa mwambie naomba mseto, dawa ya malaria, ya mtoto, muuzaji anayejua kazi yake atakuuliza kapimwa? ana kilo ngapi? maana vidonge vinaenda kwa uzito. Kwetu anayejua ndo anauliza kwanza. Hizi mashine mara nyingi zinaruka hiyo hatua, zinakujibu palepale kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na wala hazikwambii kwamba hii habari iliandikwa kabla ya 2021. Kwenye linki angalau ungeona tarehe ungeshtuka.

Na sio sisi tu, Mei 2024 Google walipowafungulia Wamarekani majibu ya AI, kuna mtu aliambiwa aweke gundi kwenye sosi ya piza ili jibini lishike, kumbe utani wa mtu mtandaoni mashine imeubeba kama ulivyo. Sasa hapo ni Kiingereza chenye maandishi chungu nzima. Kiswahili je? 2019 Google wakielezea BERT, mfumo wao wa kuelewa maana ya swali zima, walitoa mfano wa Mbrazili anayeuliza viza ya kwenda Marekani, injini ya zamani ilikuwa inakipuuza kile kineno cha "kwenda" inaleta habari za Wamarekani wanaoenda Brazil. Kwetu vineno kama hivyo vinajificha ndani ya kitenzi, "hawajalipa" na "hawajalipwa" ni herufi moja tu lakini mmoja anadaiwa mwingine anadai. Alafu kuna saa zetu, saa 12 asubuhi ya konda sio 12 ya mashine, hapo mtu anaweza kupotea masaa sita mazima.

Kinachoniuma zaidi ni waandishi. Mashine haijui Dar, inamjua mtu aliyeandika kuhusu Dar. Wanaoandika Kiswahili mtandaoni walikuwa wachache, 2018 zikaja kanuni za serikali za maudhui ya mtandaoni, gharama za leseni ya blogu ukijumlisha zilipita milioni 2, wengine wakafunga blogu. Waliobaki walikuwa wanaishi kwa watu kubonyeza linki. Sasa jibu likishatolewa juu pale nani atabonyeza? Na mwandishi akiacha kuandika, stendi ikihama tena nani ataandika kwamba imehama?

Kwa hiyo mi nataka majibu yabaki ila yaje na tarehe, yaje na jina la yalikotoka kwa maandishi yanayosomeka sio kadoti kadogo pembeni, na mashine ikubali kuuliza kabla ya kujibu. Teknolojia ya kufanya hivyo ipo tayari, ni kuamua tu.

Mama mdogo hajaacha kuiuliza simu yake, anaipenda. Ila safari iliyofuata alivyojibiwa tu akachukua tiketi, akatafuta namba ya ofisi ya basi, akapiga.